Muulize Dada Fundi: Kompyuta ya nyumbani na dawa zinazoimaliza

Barua za mwezi huu karibu zote zinalia kilio kimoja: mashine imekuwa nzito. Nimezisomea kibandani kwangu, Ngamiani hapa Tanga, na kilichomo kwenye barua ndicho kilichopo mezani kwangu kila siku. Mashine nyingi hazichoshwi na umri, zinachoshwa na matibabu. Mtu akiona inakwama anaweka programu ya kuisafisha, kesho ya kuiharakisha, keshokutwa ya kuilinda, na kila moja inakuja kula humo humo. Haya, twende.

*Dada Fundi, habari za kazi. Nina kompyuta ya mezani niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Ipo chumba cha mbele, ambacho nimekifanya stesheneri. Nikiiwasha asubuhi nabandika chai, inachemka, tunakunywa, ndipo inakubali kufungua Word. Mwanangu aliiwekea programu ya kusafisha, akaongeza na antivirasi ya pili. Ndiyo kwanza imezidi. Ninunue nyingine?*
Mama wa stesheneri, Singida

Mama, shikamoo. Usinunue kwanza. Hiyo hela iweke pembeni, tuichunguze mgonjwa wetu.

Iwashe, iache itulie, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha la Task Manager. Likiwa dogo, bofya More details chini yake. Ingia Performance, utazame Disk 0. Hapo pameandikwa HDD au SSD. Ningekuwa mtu wa kubeti ningebeti kwamba yako ni HDD, na kwamba wakati wewe unasubiri chai, namba ya hapo inasoma asilimia 100.

HDD ni sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 7,200 kwa dakika kwenye kompyuta za mezani na 5,400 kwenye laptopu nyingi. Juu yake kuna mkono unaokwenda huku na huko kusoma, kama sindano ya santuri, ila huu haugusi sahani. Windows ikiamka inataka vifaili maelfu kwa maelfu, na vimetawanyika. Mkono unakimbia kutoka kona hadi kona, na wewe unapuliza mkaa. SSD nayo ni diski, ila haina kinachozunguka wala kinachokimbia. Kwa mashine ya aina yako, kutoa HDD na kuweka SSD ya GB 240 kutakupa nafuu kuliko kitu kingine chochote utakachoifanyia, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya mashine nyingine. Ila mwambie fundi mapema kwamba unataka ahamishe kila kitu kama kilivyo, kutoka diski ya zamani kwenda mpya. Wapo mafundi wanaopenda kukupigia Windows upya kwa sababu ni rahisi kwao. Unarudi nyumbani printa haitambuliki, fonti zako za kadi za harusi zimepotea, na wateja wako mlangoni.

Ukiwa hapo hapo, tazama na Memory, yaani RAM, nafasi ambayo mashine inafanyia kazi ikiwa imewashwa. Ikiwa ni GB 4 na imeshajaa kabla hujafungua lolote, ongeza zifike 8. Hela ikitosha kitu kimoja, anza na SSD.

Sasa dawa za kijana wetu. Antivirasi mbili zikifanya kazi pamoja, kila faili unalofungua linakaguliwa mara mbili, na wakati mwingine zinashukiana zenyewe. Toa zote mbili. Windows 10 na 11 zinakuja na Defender, haina malipo, na ukishazitoa hizo nyingine inaamka yenyewe. Kwa nyumbani na kwa kazi yako inatosha.

Hiyo ya kusafisha nayo iende. Sisemi zote ni za kihalifu, lakini hata zile zenye jina zimewahi kuleta balaa. Mwaka 2017 wahalifu walipenyeza programu yao ndani ya CCleaner toleo la 5.33, likatoka kwenye tovuti halali ya wenyewe, na watu zaidi ya milioni 2 wakaliweka kwenye mashine zao wakidhani wanafanya usafi. Na kazi yenyewe Windows inaiweza: ingia Settings, kisha System, kisha Storage, fungua Temporary files, ufute. Ila soma unachokitia tiki! Kwenye orodha hiyo folda ya Downloads nayo huwemo, na najua watu wa stesheneri, kazi za wateja zote mnaziacha Downloads.

Kwenye Task Manager tena, ingia Startup. Hizo ni programu zinazoamka pamoja na mashine bila kuitwa. Zima zile unazozijua na huzihitaji asubuhi, kama WhatsApp, Zoom na zile za muziki. Hapa unazizuia kujiamsha tu, ukizitaka unazifungua mwenyewe. Usiyoijua iache.

Halafu vumbi. Singida ina upepo na ukavu wake, na nina hakika CPU yako, yaani lile boksi la kompyuta, imekaa chini sakafuni, karibu na mlango. Ipandishe juu ya stuli, nyuma yake pabaki nafasi ya kiganja. Vumbi likiziba feni na lile bati lenye mapezi juu ya prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote, joto linapanda, na prosesa ikizidiwa na joto inajipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Mtu anasema "imezeeka", kumbe inajiokoa. Kila baada ya miezi michache zima, chomoa waya wa umeme, toka nayo nje, fungua ubavu wake, upulize kwa bloa. Feni izuie kwa kijiti cha meno isizunguke wakati unapuliza, kwa sababu ikizungushwa kwa kasi inaweza kuharibika beringi au hata kuzalisha umeme ukarudi kwenye ubao mama, ule unaobeba vifaa vya ndani. Brashi ya rangi, ile laini na mpya, inafaa kwenye kona. Ile mashine ya kufyonzea vumbi la kapeti usiisogeze humo, inazalisha umeme tuli. Kama mashine ina miaka mingi haijafunguliwa, mwambie fundi aifute pesti ya prosesa iliyokauka na kupaka mpya. Ni kitone tu, si kupaka kama siagi.

*Shikamoo dada. Nilikwenda kuprinti kazi ya chuo. Niliporudi, kila folda kwenye flashi imegeuka kuwa shotikati. Nikiibofya hakuna kitu. Rafiki yangu kaniambia niifomati.*
Mwanafunzi, Morogoro

Marahaba mdogo wangu. Usiifomati, na acha kubofya. Kila ukibofya ile shotikati unamkaribisha kirusi kwenye laptopu yako. Mafaili yako hayajaenda popote, yamefichwa tu.

Chomeka flashi, tazama imepewa herufi gani. Tuseme ni F. Kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows andika cmd, fungua, kisha andika hivi ulivyo, ukibadilisha herufi tu:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Bonyeza Enter na usubiri. Ukifungua flashi tena utayakuta mafaili, na mara nyingi yanakuwa yamesukumwa ndani ya folda isiyo na jina. Yanakili kwenye laptopu, yale ya kwako tu unayoyatambua: Word, PDF, picha. Zile shotikati, na lolote linaloishia na .vbs au .exe ambalo hukuliweka wewe, usilihamishe. Endesha ukaguzi kamili wa Defender kwenye laptopu na kwenye flashi. Sasa ndiyo uifomati.

Siku nyingine ukienda kuprinti, beba flashi yenye faili moja tu unalotaka kuprinti, likiwa PDF, au mtumie mwenye stesheneri kwa baruapepe. Ile flashi yenye tasnifu, picha za kipaimara na nyimbo haina shughuli stesheneri. Na Mama wa Singida, kama bado unasoma, hili linakuhusu na wewe: mashine inayopokea flashi za mtaa mzima isiwe ndiyo unayofungulia akaunti ya benki.

*Dadangu, salaam aleikum. Kompyuta yangu kila nikiiwasha inasema ni mwaka 2012, na kivinjari kinakataa kufungua baruapepe, eti si salama. Nimeshabadilisha kivinjari mara kadhaa.*
Msomaji, Mombasa

Waalaikum salaam, kaka. Kivinjari umekisingizia bure. Kwenye ubao mama kuna kibetri cha duara, namba yake CR2032, volti 3, ndicho kinachoshikilia saa mashine ikiwa imechomolewa. Kimekufa. Tovuti salama zina vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayoamini iko 2012 ikikiona cheti cha juzi inasema hakijaanza kutumika. Zima, chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja umeme uliobaki utoke, toa kibetri, uweke kipya, maandishi yatazame juu. Kwenye laptopu huwa kimefungwa kwa plastiki na vijiwaya viwili, hicho mwachie fundi.

*Dada Fundi, laptopu yangu ni Core i5 kizazi cha 6. Inaniambia Windows 10 imefika mwisho. Kijana mmoja mjini kasema atanipigia Windows 11 na kuiaktiveti bure. Isitoshe masasisho yananimalizia bando. Nifanyeje?*
Mwalimu wa sekondari, Songea

Mwalimu, heshima yako. Ni kweli, Microsoft walisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine haikuzimika siku hiyo wala haitazimika. Kilichokoma ni kuzibwa kwa matundu mapya ya usalama yanapogunduliwa, na hilo si dogo.

Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel prosesa za kuanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache sana. Yako ya 6 haimo. Kuilazimisha inawezekana, sikatai, na kijana ataifanya mbele yako ukiona. Ila Microsoft hawajaahidi kwamba mashine iliyolazimishwa itaendelea kupata masasisho, nawe masasisho ndiyo uliyokuwa unayatafuta.

Kinachonitisha ni neno "kuaktiveti bure". Ile programu yake, kabla ya kufanya kazi, itamtaka azime Defender. Hapo hapo mwalimu funga laptopu, mshukuru, uondoke. Programu inayoomba mlinzi aondolewe kwanza imeshajieleza. Wewe una matokeo ya wanafunzi humo, una mitihani, na bila shaka kivinjari kimehifadhi nywila zako. Halafu huenda hata huhitaji kuaktiveti kwa magendo: laptopu nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 8 au 10 zina ufunguo wa leseni ndani ya ubao mama. Ukipiga upya toleo lile lile, ikipata intaneti inajitambua.

Ningekuwa mimi, ningeingia Settings, kisha Update & Security, kisha Windows Update, nijiandikishe kwenye mpango wa masasisho ya ziada. Kwa watumiaji wa nyumbani unafika tarehe 13 Oktoba 2026. Ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kukubali mipangilio yako ihifadhiwe huko, hulipi. Usipotaka hivyo ni dola 30. Huo ni muda wa kutosha kujaribu Linux Mint. Unaiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote ndani ya laptopu, unaitazama wiki nzima, ukiipenda ndipo unaiweka. Ina LibreOffice, inafungua nyaraka za Word. Fungua kwanza mtihani wako mmoja wenye jedwali na milinganyo uone kama haijahama mahali, maana hapo ndipo inapoyumba.

Kuhusu bando: bofya Settings, kisha Network & internet, chagua Wi-Fi ya simu yako, washa Set as metered connection. Mengi ya masasisho yatakaa kimya ukiwa kwenye simu. Lakini usiyanyamazishe milele. Makubwa ya usalama hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, kwetu huwa saa mbili au saa tatu usiku. Jumatano au wiki hiyo tafuta sehemu yenye Wi-Fi, shule au kwa rafiki, uiache ishushe yote.

*Dada, umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, tukasikia "pah" nyuma ya CPU. Sasa haiwaki. Laptopu ya mke wangu ilikuwa kwenye ekstensheni hiyo hiyo na ni nzima. Kwa nini yangu tu?*
Baba wa watoto watatu, Mwanza

Pole sana kaka. Laptopu ilikuwa na chaja mbele yake na betri nyuma yake. Wewe ulikuwa na pawa saplai peke yake, na ndiyo iliyopasuka. Mara nyingi inakufa yenyewe na kuacha diski na ubao vizima, kwa hiyo mwambie fundi ajaribu pawa saplai nyingine kabla hajakuimbia bei ya ubao. Usiifungue kile kiboksi chake mwenyewe. Kapasita za ndani hushika umeme hata baada ya kuchomoa.

Ekstensheni si kinga. Ile taa nyekundu inasema umeme upo, basi. Umeme ukikatika, chomoa ukutani, ukirudi subiri dakika kadhaa utulie. Kama mkono ni mzito kuchomoa, nunua kifaa cha kulinda friji au televisheni, kile kinachochelewesha umeme ukirudi, ni bora kuliko kuchomeka moja kwa moja. UPS ndogo ya VA 650 ni bora zaidi, si ya kufanyia kazi gizani, ni ya kukupa dakika za kuhifadhi na kuzima vizuri. Printa ya leza usiichomeke humo, inavuta umeme mwingi kwa mpigo. Na uliza kama nyumba ina waya wa ethi unaofanya kazi. Soketi za matundu matatu zipo nyumba nyingi, ethi nyuma yake ndiyo ya kutafuta.

Laptopu ya shemeji nayo: kama inakaa kwenye chaja mchana kutwa, tafuta mpangilio wa kusimamisha chaji asilimia 80. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni zinao. Hapa Tanga bwana mmoja wa Raskazone aliniletea laptopu ambayo kibao cha kusogezea mshale kilikuwa kimeinuka, kitufe hakibofyeki. Alikuwa amekilaza kwa kukiwekea kitabu kizito juu usiku. Iliyokuwa inainua ni betri iliyovimba chini yake. Betri ya hivyo haikandamizwi wala haitobolewi: zima, usiichaji tena, ipeleke itolewe.

*Mwanangu, asalaam aleikum. Nina diski ya nje aliyoniletea kijana wangu aliyeko Muscat. Mna picha za familia na hati za shamba nilizoziskani. Siku hizi inalia ka, ka, ka, na inachelewa kuonekana.*
Mzee, Wete, Pemba

Waalaikum salaam mzee wangu, shikamoo. Ikiwa imechomekwa hivi sasa, ichomoe. Sauti hiyo ni mkono wa ndani unaotafuta njia na kuikosa, na kila dakika inayozunguka inaweza kuwa ndiyo ya mwisho.

Tafuta kwanza mahali pa kunakilia, pawe tayari. Kisha ichomeke mara moja, anza na hati za shamba, ndipo picha, ukianza na zile ambazo hazipo kwa mtu mwingine yeyote. Usiguse sinema. Usikubali Windows ikikuomba kuikagua na kuirekebisha diski, ukarabati huo unaichosha zaidi. Isipoonekana kabisa usiipige, usiiweke kwenye friza, usimruhusu mtu aifungue hapo kibarazani. Diski hizo hufunguliwa kwenye chumba kisicho na vumbi, na gharama yake ni kubwa. Mpe fundi anayejua kunakili diski nzima kwa programu ya ddrescue bila kuigusa zaidi.

Ukizipata, zikae sehemu tatu: kwenye kompyuta, kwenye diski nyingine kabatini, na nje ya nyumba kabisa. Hiyo ya tatu unayo tayari, ni kijana wako. Mtumie nakala aiweke Muscat. Hati zenyewe ni nyepesi, zinaingia hata kwenye GB 15 za bure za akaunti ya Google. Diski mpya inunue kwa muuzaji atakayekubali kurudishiwa. Ukiona flashi ya terabaiti 2 inauzwa kwa bei ya chipsi kuku, ni uongo: inaonyesha 2, inabeba kidogo, na kinachozidi inakimeza. Programu ndogo ya H2testw inaijaza yote na kukuambia ukweli kabla hujaiamini na hati za shamba. Na kwa hewa yetu ya chumvi, diski ikae kwenye kopo lenye kifuniko, pamoja na vile vipakiti vinavyonyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

*Fundi, kila usiku nazima laptopu lakini matatizo ya jana nayakuta asubuhi. Si nimezima?*
Msomaji, Dodoma

Umezima nusu. Mashine nyingi zenye Windows 10 na 11 zikizimwa kwa Shut down huhifadhi sehemu ya hali yao kwenye diski ili ziwake haraka kesho, kwa hiyo kilichokwama jana kinaamka nacho. Inayosafisha kweli ni Restart. Ifanye mara moja kwa wiki, na kila inapoanza vituko kabla ya kunitafuta mimi. Usiku mwingine funga tu kifuniko, ila isiwe juu ya godoro wala ndani ya begi ikiwa bado inahema.